Kabla alama hazijashuka, marafiki huwa wameshapungua: sonona kwa wanafunzi wa sekondari

Mwanzisha uzi (mwalimu wa malezi, shule ya bweni)

Ndugu zangu, salamu. Nimefundisha sekondari kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimebeba pia kazi ya malezi na unasihi, ambayo katika shule zetu nyingi hupewa mwalimu ambaye tayari ana vipindi vya kumtosha, kisha akaachiwa chumba kidogo na daftari. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu kila matokeo ya Kidato cha Pili na cha Nne yanapotoka, mjadala wetu huwa uleule: simu, uvivu, utandawazi, wazazi wasiofuatilia. Sonona, ule ugonjwa wa akili ambao Waingereza huuita depression, haitajwi, au hutajwa baada ya jambo baya kutokea.

Hoja yangu ni moja. Kwa mwanafunzi mwenye sonona, kushuka kwa alama mara nyingi ni hatua ya baadaye. Kabla yake ipo hatua ambayo hakuna ripoti ya muhula inayoiandika, nayo ni kupotea kwa marafiki. Na kwa jinsi shule zetu zinavyoendeshwa, mwanafunzi aliyepoteza marafiki amepoteza pia sehemu kubwa ya masomo yenyewe. Mwalimu au mzazi anayesubiri ripoti anasubiri habari iliyochelewa.

Tuelewane kwanza kuhusu ugonjwa, maana si kila mwanafunzi mnyonge ana sonona. Vigezo wanavyotumia madaktari wa afya ya akili vinataka dalili zisizopungua tano kati ya tisa, zidumu angalau wiki mbili, karibu kila siku, na mojawapo lazima iwe ama huzuni ama kupoteza hamu ya mambo yaliyokuwa yakimfurahisha mtu. Zilizobaki ni usingizi uliovurugika, hamu ya chakula iliyopungua au kuzidi, uchovu, mwili kuwa mzito au kutotulia, kujiona hufai au kujilaumu kupita kiasi, kushindwa kukaza fikra, na mawazo ya kifo. Kwa watoto na vijana kuna jambo ambalo walimu wengi hatukufundishwa chuoni: hasira za haraka zinaweza kuchukua nafasi ya huzuni. Kijana anayejibu kwa ukali mstarini asubuhi, ambaye muhula uliopita alikuwa mpole, tunampeleka kwa mwalimu wa nidhamu, na huko anaandikwa kuwa jeuri. Kanuni zetu zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa mkono wa mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, lakini hata vikipigwa kwa kufuata kanuni hiyo, mgonjwa atakuwa ameadhibiwa kwa dalili ya ugonjwa wake.

Sasa niende kwenye urafiki, kwa kuwa hapo ndipo ninapotaka tukae.

Huanza kwa jambo dogo. Binti aliyekuwa kwenye timu ya netiboli anaacha kwenda uwanjani jioni. Haumwi mguu wala hajagombana na mtu. Ile raha aliyokuwa akiipata haipo tena, na kwenda uwanjani kumekuwa kazi kama kufagia bweni. Wenzake wanamwita mara ya kwanza, mara ya pili, kisha wanaacha, kwa kuwa vijana wa miaka 15 hawana subira ya watu wazima na hatuna haki ya kuwadai subira hiyo. Wanachokiona wao ni mtu anayewakwepa, na tafsiri iliyo karibu ni kwamba anaringa au ana neno nao. Yeye naye anapoona hawamwiti tena, anachukua hilo kuwa uthibitisho kwamba hawakumpenda tangu mwanzo. Aaron Beck, daktari wa Marekani aliyeweka misingi ya tiba ya kurekebisha fikra, alieleza kwamba mgonjwa wa sonona hujitazama mwenyewe, ulimwengu unaomzunguka na wakati ujao kwa jicho baya. Ulimwengu wa mwanafunzi wa bweni ni mdogo mno, vitanda kadhaa na madawati kadhaa, hivyo watu wanne wakimpa mgongo, kwake ni kama ametengwa na dunia nzima.

Wako wanaofuata njia nyingine. Hawajitengi, hung'ang'ania. Wanamuuliza rafiki kila siku kama bado anawapenda, kama amewakasirikia, kama ni kweli alikuwa na kazi au aliwakwepa. Rafiki anawahakikishia, wanatulia kwa saa chache, kisha wanauliza tena, kwa sababu hawakuamini jibu la mwanzo. James Coyne aliuandika mzunguko huu mwaka 1976: mgonjwa anaomba kuhakikishiwa, mwenzake anachoka, uchovu wake unaonekana usoni, na mgonjwa anapata alichokuwa akikiogopa. Nimeushuhudia mara nyingi, hasa kwa marafiki wawili ambao mwanzoni walikuwa hawaachani, na kila mara yule aliyechoka huja ofisini akiwa na hatia ya kumwacha mwenzake, huku mwenzake akisemwa bweni zima kuwa ni king'ang'anizi.

Ipo hali ya tatu, ambayo huwapumbaza hata wanasihi kwa sababu kwa nje inafanana na urafiki mwema. Mwaka 2002 mtafiti wa Marekani, Amanda Rose, alichapisha utafiti kuhusu marafiki wanaolizungumza tatizo lilelile tena na tena, wakilichambua, wakilifufua, wakikaa ndani ya uchungu wake bila kutafuta njia ya kutoka. Aligundua kwamba marafiki wa namna hiyo huwa karibu zaidi, na wakati huohuo huwa na dalili nyingi zaidi za sonona na wasiwasi. Jambo hilo lilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana. Hii ndiyo sababu sitosheki ninapoambiwa, "Usijali, mwalimu, ana rafiki anayezungumza naye." Nauliza wanazungumza nini, na wakimaliza kuzungumza wanafanya nini.

Kuhusu masomo nitasema kwa ufupi zaidi, kwa kuwa sehemu yake iko wazi. Sonona hupunguza uwezo wa kukaza fikra na kumbukumbu ya muda mfupi. Kijana anausoma ukurasa wa Biolojia hadi mwisho na haoni alichosoma. Kwenye Hisabati anapoteza mnyororo katikati ya hesabu, kwa kuwa hesabu hudai kushika hatua ya pili akilini huku unafanya ya tatu. Usiku halali, asubuhi anasinzia, na kipindi cha kwanza kinapita.

Sehemu isiyo wazi ni hii: katika shule nyingi za serikali, kitabu kimoja husomwa na wanafunzi kadhaa, mwalimu ana darasa kubwa kuliko anavyoweza kulimudu, na somo kwa kweli hueleweka baadaye, kwenye diskasheni. Huko ndiko mtu anakoelezwa kwa lugha ya rika lake kile ambacho hakukielewa darasani, huko ndiko madesa, yaani notisi za kunakiliana, yanakozunguka, na huko ndiko maswali ya mitihani iliyopita yanakojibiwa. Kundi la diskasheni haliundwi na mwalimu, linaundwa na urafiki. Aliyeacha kwenda netiboli mwezi wa pili huwa hayumo kwenye kundi lolote mwezi wa tano, na anabaki na daftari lake lenye mapengo. Mtihani wa muhula unapokuja, tunaandika kwenye ripoti, "Ajitahidi zaidi." Kwa mtu aliyekwishajihukumu kuwa hafai, hayo maneno mawili ni saini ya mwalimu chini ya hukumu yake.

Ninawaomba wazazi, walimu wenzangu na wahudumu wa afya waongeze, na wanaopinga wapinge.

Mzazi wa Tanga

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma hadi mwisho na nimekuelewa, lakini ruhusu nipinge kidogo. Sisi tulisoma kwa taabu kubwa kuliko watoto wa leo. Tulitembea umbali mrefu, tulilima shamba la shule, tulipigwa, na bado tulifaulu au tulifeli bila kuita ugonjwa. Ninaogopa kwamba tukimpa kijana jina la ugonjwa, tumempa na kisingizio. Ninaye wangu wa Kidato cha Tatu ambaye ameshuka kutoka watu kumi wa kwanza hadi mkiani, na kila nikimuuliza ananijibu kuwa amechoka. Amechoka na nini?

Mwanzisha uzi

Marahaba, ndugu yangu, na nakushukuru kwa kupinga kwa uwazi. Hata zama zetu ugonjwa ulikuwepo. Hospitali ya Mirembe pale Dodoma ipo tangu enzi za mkoloni, na haikujengwa kwa ajili ya kizazi cha simu. Tofauti ni kwamba wenzetu waliougua wakiwa shuleni hatukuwahesabu: mmoja aliitwa mzembe, mwingine akapelekwa kwa mganga kwa kuwa ilisemekana amechezewa, mwingine akarudi nyumbani likizo na hakuonekana tena, na sisi tuliobaki tukajiita kizazi imara.

Kuhusu kisingizio, kipo kipimo ninachokitumia, ingawa si cha kitabibu. Mvivu huchagua. Anakwepa Fizikia lakini mpirani ni wa kwanza, kwenye tamthilia ya saa mbili usiku yuko macho, na shangazi akija na zawadi uso unachangamka. Mwenye sonona huacha hata vile alivyovipenda, na mara nyingi huviacha vile kwanza, kabla ya masomo, kwa sababu masomo yana mtu wa kumsukuma lakini mchezo hauna. Kwa hiyo nakuomba usimuulize kwa nini ameshuka darasani. Muulize siku hizi anakaa na nani. Akikutajia majina yaleyale ya mwaka jana na ukathibitisha ni kweli, huenda tatizo liko kwingine. Akikosa jina, au akakasirika kwa kuulizwa, njoo tuzungumze tena.

Hilo la "nimechoka" usilidharau. Vijana wetu wengi hawasemi "nina huzuni." Husema wamechoka, kichwa kinauma, tumbo linauma, moyo unaenda mbio. Daftari la zahanati ya shule, kwa maoni yangu, ni chombo bora cha kuigundua sonona kuliko ripoti ya mtihani, kama kungekuwa na mtu wa kulisoma kwa kulinganisha majina.

Mwalimu wa Kilifi

Hamjambo nyote. Nachangia kutoka upande wa Kenya. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, uliofanyika kwetu na matokeo yake kutangazwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba asilimia 44.3 walikuwa wamepata tatizo fulani la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, na asilimia 12.2 walitimiza vigezo kamili vya ugonjwa. Nimezitaja takwimu zote mbili makusudi, kwa sababu magazeti hupenda ile ya kwanza peke yake na mzazi akaondoka akidhani nusu ya darasa ni wagonjwa. Wapo wengi wanaotaabika, na ndani yao wapo wachache wanaohitaji matibabu. Mwalimu hana budi kuwajali wote, ila hawahitaji kitu kimoja.

Mnaozungumzia makundi ya wanafunzi mtapenda kujua kuhusu Shamiri. Ni mpango ulioanzishwa na Mkenya Tom Osborn na wenzake, ambao hutumia vijana waliomaliza sekondari si muda mrefu uliopita kuongoza makundi madogo ya wanafunzi, saa moja kwa wiki kwa wiki nne. Hawazungumzii ugonjwa moja kwa moja. Huzungumza kuhusu imani kwamba mtu anaweza kubadilika na kukua, kuhusu shukrani, na kuhusu mambo ambayo kila mmoja anayathamini maishani. Utafiti wa wanafunzi 413 wa Kenya waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi, uliochapishwa mwaka 2021, uliwalinganisha na wenzao waliofundishwa mbinu za kujisomea kwa muda uleule. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini la Shamiri lilipata zaidi. Mimi kilichonivutia ni kwamba aliyeongoza hakuwa daktari wala mwalimu, bali mtu ambaye mwanafunzi anaweza kumwona kama kaka au dada. Shule yenye wahitimu wanaosubiri kwenda chuo inao watu wa namna hiyo, ilimradi wafundishwe na wasimamiwe na mtu anayejua kazi.

Nilimaliza 2016

Shikamooni wakubwa. Mimi si mtaalamu, nilikuwa mwanafunzi mwenye hali hiyo, na niligundulika nikiwa chuo, si shuleni.

Mwalimu ameeleza vizuri habari ya marafiki wanaochambua uchungu. Nilikuwa na rafiki mmoja Kidato cha Tatu, tulikuwa tunakaa nyuma ya maktaba kila jioni tukizungumza mambo ya nyumbani kwake na ya nyumbani kwetu. Nilimpenda na bado nampenda. Lakini kila tulipoinuka pale nilikuwa mzito kuliko nilivyokaa, na prepo, masomo ya kujisomea ya jioni, ilikuwa imeshaanza. Hakuna mtu mzima aliyetuona kuwa na shida kwa sababu tulikuwa wawili.

Hata hivyo nina neno kwa walimu. Mnazungumza kana kwamba urafiki unavunjika wenyewe kwa sababu ya ugonjwa, na shule imekaa pembeni ikitazama. Matokeo yetu yalibandikwa ukutani, jina, alama na nafasi, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Niliposhuka, kundi langu la diskasheni halikuhitaji kuambiwa na mtu kwamba sina faida tena kwao. Walisoma ubaoni. Sikuachwa kwa sababu nilijitenga tu, niliachwa pia kwa sababu nilikuwa nimeshuka bei. Kwa hiyo mwalimu anaposema urafiki hutangulia na alama hufuata, kwangu ilikwenda pande zote mbili, na ile karatasi ya ukutani iliharakisha.

Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, marahaba, na hilo ulilolisema linaiongezea nguvu hoja kuliko nilivyoiandika mimi. Ni kweli njia ni ya pande mbili: kushuka kwa alama huvunja urafiki uliobaki, na kuvunjika huko hushusha alama zaidi. Ninachosimamia ni kwamba jicho la mtu mzima likiwa kwenye urafiki, litauona mzunguko ukiwa bado unaweza kukatwa.

Kuhusu orodha za ukutani nakubaliana nawe. Baraza la Mitihani lenyewe, lilipotangaza matokeo ya Kidato cha Nne mwezi Januari 2023, liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Sasa kama baraza la taifa limeona linaweza kutoa matokeo bila kumpanga mtu wa kwanza na wa pili mbele ya umma, sioni kwa nini shule ishindwe kumpa kila mwanafunzi karatasi yake mkononi. Nimelipeleka jambo hili kwenye kikao cha walimu zaidi ya mara moja. Jibu huwa ni kwamba ubao unaleta ushindani. Unaleta, kwa wale kumi wa juu.

Muuguzi wa wilayani

Nimefuatilia kimya, naomba niweke upande wa hospitali, maana nahofia msomaji aondoke akidhani dawa ya sonona ni urafiki peke yake.

Kijana akiletwa kwetu, jambo la kwanza ni kumpima mwili. Upungufu wa damu, hasa kwa wasichana, tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, na maradhi ya muda mrefu vinaweza kuleta uchovu na unyonge unaofanana na sonona. Kisha tunatumia dodoso la maswali tisa linaloangalia wiki mbili zilizopita, ambalo lina toleo la vijana. Dodoso halitoi hukumu. Linatuambia nani akae na daktari kwa muda mrefu zaidi.

Matibabu yapo na yanafanya kazi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, wa vijana 439 wenye umri wa miaka 12 hadi 17, ulionyesha kwamba baada ya wiki 12 waliopata nafuu walikuwa asilimia 71 kwa waliopewa dawa ya fluoksetini pamoja na tiba ya mazungumzo, asilimia 61 kwa dawa peke yake, 43 kwa mazungumzo peke yake, na 35 kwa vidonge visivyo na dawa. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za kundi hilo ziwekewe onyo kali, kwa kuwa baadhi ya vijana huongezekewa na mawazo ya kujiua wanapoanza kuzitumia. Kwa sababu hiyo dawa haitolewi ikaachwa; wiki za mwanzo kijana anatakiwa aonwe mara kwa mara, na mzazi asiinunue duka la dawa kwa ushauri wa jirani. Kwa sonona isiyo kali, mazungumzo yaliyopangwa vizuri ndiyo huanza.

Na hapa narudi kwenye mada ya mwalimu. Ipo tiba ambayo kazi yake yote ni mahusiano ya mtu na watu wake: msiba, ugomvi, mabadiliko ya nafasi katika maisha, na upweke. Ilijaribiwa kaskazini mwa Uganda kwa vijana wa miaka 14 hadi 17 waliokuwa kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, wakikutana kwa makundi na kuongozwa na watu wa hapohapo waliopewa mafunzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007: dalili za sonona zilipungua, hasa kwa wasichana. Wavulana hawakufaidika kwa kiwango hicho, jambo linalonikumbusha kliniki yetu. Baada ya kubalehe, wasichana wanaogundulika kuwa na sonona hukaribia mara mbili ya wavulana, lakini mvulana akiletwa kwetu mara nyingi huwa ameletwa kwa ugomvi, pombe au utoro, na inabidi uchimbe ndipo uikute huzuni chini yake.

Mwisho, sheria. Hapa Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, na Mahakama Kuu ya huko ilikitangaza kuwa kinakwenda kinyume na katiba mwezi Januari 2025. Nalitaja kwa sababu wazazi wengine huficha tukio wakiogopa polisi, na kijana anakosa matibabu katika siku anazoyahitaji kuliko siku nyingine zote. Mleteni. Sisi kazi yetu ni kumtibu.

Mzazi wa Tanga

Mwalimu, nimerudi. Nilifanya ulivyoniagiza. Nilimuuliza anakaa na nani. Alinyamaza, kisha akasema hana haja ya mtu. Mama yake ananiambia tangu mwezi wa tatu hajamwona na wale wenzake wawili waliokuwa wakija nyumbani kila Jumamosi, na mimi sikuwa nimeliona. Naomba unielekeze hatua, maana ufunguzi wa shule umekaribia.

Mwanzisha uzi

Pole sana, na umefanya vema kurudi. Nitakuandikia kwa utaratibu ambao ningeufuata kama angekuwa mtoto wangu.

Usisubiri shule ifunguliwe. Mpeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa wiki hii, umwombe daktari ampime damu na pia aangalie afya ya akili. Mwambie kijana mapema kwamba mnakwenda kwa sababu ya huo uchovu anaoulalamikia, kwani huo ni ukweli na hautamwaibisha. Kabla ya hapo, wewe au mama yake, yule ambaye anamzoea zaidi, mkiwa peke yenu naye, mwulizeni kwa maneno ya wazi kama amewahi kufikiria kwamba ni heri asingekuwepo, au kufikiria kujidhuru. Wazazi wengi huogopa kwamba kuuliza ni kumpa wazo. Si hivyo, anayelibeba wazo hilo hupata nafuu kwa kuulizwa, na asiyelibeba atakujibu hapana. Akikujibu ndiyo, usimwache peke yake, ondoeni nyumbani vitu vya hatari, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Namba 116, ya simu kwa mtoto, hupigwa bila malipo, na yeye mwenyewe anaweza kuipiga kama hataki kuzungumza na ninyi.

Wale wenzake wawili usiwaite uwahoji, na usimlazimishe aende kwao kuomba msamaha wa jambo ambalo hakulifanya. Mmoja wao, yule unayemwona mtulivu zaidi, anaweza kuombwa kitu kidogo chenye mwisho: apitie Jumamosi achukue kitabu, au waende pamoja dukani. Kijana mwenye sonona hushindwa na mwaliko wa siku nzima, lakini nusu saa yenye kazi ndani yake huiweza. Rafiki huyo aambiwe tu kwamba mwenzake hana ugomvi nao wala hakuwakasirikia, ila afya yake haiko sawa kwa sasa. Maelezo mengine ni siri ya mwanao, ayatoe mwenyewe akitaka.

Shuleni, nenda kabla ya siku ya kufungua, ukaonane na mwalimu wa darasa pamoja na mwalimu wa malezi, na uwe na barua ya daktari hata kama haitaji ugonjwa kwa jina. Omba mambo matatu. La kwanza, asipangiwe adhabu kwa usingizi wa darasani hadi matibabu yatakapokwenda kwa wiki kadhaa. La pili, apewe mada chache za kuanza nazo katika masomo mawili au matatu, wala asiambiwe ajazie mapengo ya muhula mzima, kwa kuwa atatazama mlima huo na kulala. La tatu, mwalimu mmoja amweke kwenye kundi dogo la diskasheni kwa kazi maalumu, kwa mfano kueleza mada moja ya Jiografia ambayo bado anaiweza, ili arudi kwa wenzake akiwa na kitu mkononi. Kama mkuu wa shule ataona maombi haya ni mazito, niandikie kwa ujumbe wa faragha, nitakusaidia kuandika barua.